Mgeni wa Sindano

Kati ya baiskeli zote za umeme zilizorudi kutoka jangwani siku ile, ya Sindano ndiyo iliyorudi imekata roho. Jambo hilo halikumwingia mkewe akilini. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa duka, na betri zile alizijua kama mama anavyojua vilio vya wanawe. Wageni wenye vitambi walikuwa wamerudi na chaji ya kutosha kwenda tena na kurudi. Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, mtu ambaye mkewe alizoea kumtania kwamba upepo ukivuma atie mawe mfukoni, alikuwa ameisukuma yake kwa miguu sehemu yote ya mwisho, na tairi la nyuma lilikuwa limebonyea kana kwamba lilibebeshwa gunia la saruji.

"Ulimbeba nani?" mkewe akamuuliza.

"Nimbebe nani mimi? Nimebeba njaa tu."

Fundi akacheka, akaichomeka betri kwenye umeme, akalijaza tairi upepo. Lakini mkono wake ulipogusa kibebeo cha nyuma, aliurudisha haraka. Chuma kilikuwa cha moto, na baiskeli ilishakaa kivulini muda mrefu.

Duka lao lilikuwa pale lami inapoishia na mchanga unapoanzia. Wifi yake, yaani dada yake Sindano, alikaa mezani kuwapokea wateja na kuwavalisha helmeti. Sindano alitangulia kuwaongoza kwenye njia za jangwani, na fundi alifuata nyuma ya wote akiwa na pampu na mipira ya akiba, asije mtu akapasukiwa tairi akaachwa. Watu walitoka mbali kuja kuona majabali mekundu na vilima vya mchanga, na Sindano aliwapa zaidi ya hayo, maana mdomo wake haukuwa na breki. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" ndivyo alivyomsalimu kila aliyeingia dukani.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na mzaha wa Sindano ulikuwa huu. Mwisho wa njia palikuwa na jabali lenye ufa, mwembamba kiasi cha mtu kupita ubavu. Alizoea kuwasimamisha wageni mbele ya ufa ule akawaambia wabishe hodi. Walipopaza sauti, "Hodi!" jabali liliwarudishia, hodi, hodi, hodi, mpaka sauti ikafia ndani, na watu wazima na akili zao wakacheka kama watoto. Siku ile pia walicheka, kisha wakanyamaza, wakaanza kunywa maji. Upepo haukuwapo hata chembe. Hapo ndipo jabali liliposema peke yake, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye adabu zake, "Hodi."

Hakuna aliyekuwa ameita. Fundi alikuwa na hakika, kwa kuwa alikuwa nyuma akiwatazama wote. Lakini mtu aliyelelewa vizuri akibishiwa hodi, mdomo hujibu kabla ya akili. Sindano alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na bila hata kuinua kichwa aliitikia, "Karibu!" Wageni wakaangua kicheko. Fundi hakucheka, ila hakusema kitu pia, na kunyamaza kule kulikuja kumuuma baadaye.

Tangu hapo nyumba yao, iliyokuwa nyuma ya duka, haikuwa tena na raha. Kwanza ilikuja harufu, harufu ya jiwe la moto lililomwagiwa maji. Haikutulia mahali pamoja. Ilianzia mlangoni, ikaenda jikoni, ikaingia chumbani, polepole, kama mtu anayeonyeshwa nyumba. Kisha benchi likaanza kulia. Sindano akikaa kula, ubao wa upande wake wa pili nao ulilia, ukainama. Na karakanani, wakati duka limefungwa na wateja wameshaondoka, lilisikika gurudumu likisukumwa, tik tik tik tik, na fundi akienda kutazama alizikuta baiskeli zote zimesimama kimya katika safu yao, isipokuwa ya mumewe, ambayo gurudumu lake la nyuma lilikuwa ndiyo kwanza linamaliza kuzunguka.

Sindano mwenyewe alianza kuinama. Bega la kushoto lilishuka, kisha la kulia likafuata, na ngazi mbili za mlango wao akawa anazipanda kwa kushika ukuta. Lililomtia mkewe hofu kuliko yote ni kwamba aliacha utani. Wateja waliingia na kutoka, naye anawatazama tu. Alfajiri moja fundi alizinduka akahisi kitanda kimezama katikati na joto linamchoma ubavuni, akanong'ona, "Mume wangu, umelala?"

"Nyamaza," Sindano akajibu, sauti yenyewe haitoki. "Ukizungumza anageuka."

"Nani anageuka?"

Fundi alimsikia akilia tu, kwa pumzi fupifupi, kama mtu aliyekaliwa kifuani.

Fundi aling'ang'ania kwamba ni mgongo. Binadamu akiogopa ukweli hutafuta sababu yoyote iliyo karibu, na iliyokuwa karibu ni godoro. Kulipokucha alilikunja, akalifunga kwenye baiskeli, akalipeleka kwa mshona magodoro, mwanamke mtu mzima ambaye nywele zake hazikukosa nyuzi za pamba, na ambaye watu walimwendea pia kwa mambo ya majini, ingawa mwenyewe hakupenda kutangazwa. Mama yule alilitandaza godoro chini, akalipapasa kwa viganja vyake, akasita.

"Mnalala wangapi humu, mwanangu?"

"Mimi na mume wangu."

"Na mtoto?"

"Mungu hajatujalia, mama."

"Hapa ni pako," akasema, akibonyeza upande mmoja. "Hapa ni pa mumeo, mwepesi huyo, hata pamba haikumsikia. Sasa huyu wa katikati ni nani?"

Fundi akainama kutazama. Shimo la katikati lilikuwa na kina kirefu kuliko yale mengine mawili yakijumlishwa, na mama alipolipasua kwa mkasi pamba yake ilitoka ya kahawia, imeungua, inanuka jiwe. Fundi akakaa palepale sakafuni, akamweleza yule mama habari za jabali na hodi na harufu, ila hakutaja ni mdomo wa nani ulioitikia.

Mama mshona magodoro alifunga duka lake wakaenda wote. Walimkuta Sindano amelazwa kwenye mkeka, uso umegeukia ukutani, wifi anampepea kwa kipande cha boksi huku analia chini kwa chini. Mama alimtazama kidogo tu. Zaidi aliitazama nafasi tupu nyuma ya mgongo wake, akaisalimia kwa heshima, kisha akawavuta wanawake wawili pembeni.

"Huyu ni jini wa kukaribishwa," alinong'ona. "Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe hashiki, na hafukuzwi. Ukimfukuza uliyemwambia karibu kwa kinywa chako, anaondoka na nyumba. Huyu anasindikizwa mpaka mlangoni kwake, kwa maneno mazuri, na aliyemkaribisha, peke yake. Basi nani aliyemkaribisha?"

Kwenye mkeka, Sindano aligeuza kichwa. Midomo ilicheza. Fundi alimtazama yule mtu aliyempenda tangu ujana, ambaye sasa hakuweza hata kuketi, akaona wazi kwamba akipandishwa baiskeli hatafika nusu ya njia, atafia mchangani na mzigo wake mgongoni.

"Ni mimi," akasema.

Sindano akatikisa kichwa, polepole, lakini sauti haikumtoka.

"Una hakika?" mama akauliza. "Kwa hawa watu neno ni neno."

"Nina hakika."

Mume na mke ni mwili mmoja, alijiambia. Jini atajuaje?

Alitoa baiskeli yenye betri kubwa kuliko zote, akaisimamisha mlangoni, akasema kama alivyofundishwa, "Mgeni wetu, tumefurahi kukaa nawe. Twende nikusindikize." Ndani benchi likalia. Harufu ikampita usoni. Kisha baiskeli ikazama nyuma, spoki zikalia kwa pamoja, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake kwa jinsi uzito wote ulivyokuwa nyuma.

Ilikuwa mchana mweupe, jua la utosi, jangwa zima linang'aa, na hakuna hofu mbaya kama ya mchana, maana hakuna giza la kulisingizia. Fundi alikanyaga pedali na kuongea, akaongea habari za biashara, za joto, za bei ya matairi, akaomba radhi kwa chakula kidogo na kitanda kibovu, kama mwanamke yeyote anavyozungumza na mgeni wa mumewe njiani, na kadiri alivyoongea ndivyo pumzi ya moto ilivyozidi kukaribia kisogo chake, mpaka jasho la shingoni likawa linakauka kabla ya kutiririka na kuacha chumvi, na mstari mmoja wa chaji ukazimika kwenye kioo cha usukani, na mwingine ukafuata, naye akawa anajiambia usigeuke, usinyamaze, usigeuke, na pale njia inapobana kati ya mawe, mahali ambapo baiskeli mbili haziwezi kupishana bila mmoja kushuka, sauti ya chini yenye adabu ikamuuliza karibu kabisa na sikio:

"Mwenyeji wangu mbona hakuja?"

Pedali zilitaka kumtoka miguuni. "Amechoka," akasema. "Amenituma mimi."

Fundi akaendelea kukanyaga.

"Haidhuru," sauti ikasema.

Mbele ya ufa alishuka, akaiegemeza baiskeli, akaaga kwa maneno yote mazuri aliyoyajua. Tairi la nyuma liliinuka taratibu, kama mtu aliyeshuka kwa uangalifu asimsumbue mwenye chombo, na harufu ikaondoka. Fundi alipiga magoti akashukuru. Kisha akapanda, akakimbia nyumbani akiwa mwepesi, analia na kuimba kwa pamoja, na njia nzima hakukutana na kiumbe.

Wifi alimpokea nje anarukaruka. "Amepona! Wifi yangu, kaka amepona! Kainuka, kanyooka kama msumari, kanywa maji, kanitania! Yuko wapi, mbona umemwacha nyuma?"

"Nimemwacha nani?"

"Si amekufuata! Alisema haiwezekani mke wangu awe jangwani peke yake. Hamkukutana?"

Fundi aliitazama njia aliyokuja nayo. Ilikuwa moja tu. Akamgeukia mama mshona magodoro, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, na tabasamu la mama yule lilikuwa limeanza kufifia.

"Nilimruhusu mimi," mama akasema. "Nilisema haina neno, maana mwenyeji ni wewe." Akainuka kitini. "Mwanangu. Mwenyeji si wewe?"

Fundi alishindwa kumtazama. "Ni yeye. Niliogopa atafia njiani."

Mama alifunika uso kwa viganja vyake. "Basi mgeni hajaagwa na mwenyeji wake," akasema kwa sauti ndogo. "Na wao nao wana adabu. Ukiwapokea, nao wanataka kukupokea."

Fundi hakungoja kusikia zaidi. Alivuta baiskeli nyingine safuni, wifi anamlilia nyuma, akairudia ile njia akitazama kila jiwe na kila kivuli, na juu ya alama za matairi yake mwenyewe aliona sasa alama nyingine, mpya, nyembamba, zimenyooka moja kwa moja bila kuyumba popote. Alizifuata akimwita mumewe mpaka koo likakauka.

Baiskeli ya Sindano ilikuwa mbele ya ufa. Ilisimamishwa vizuri kwa stendi yake, helmeti imetundikwa kwenye usukani, kama alivyowafundisha wateja. Nyayo zake zilitoka hapo zikaenda hadi kwenye jabali, hazikurudi.

"Mume wangu!" akaita.

Jabali halikumrudishia sauti yake. Palikuwa kimya, kisha kutoka ndani, mbali, Sindano akamjibu kwa sauti nzuri, ya mtu mzima wa afya, sauti ileile aliyowaongozea wageni.

"Ingia, mke wangu. Huku hakuna jua."

Fundi alikuwa ameshapiga hatua moja. Akajizuia kwa kushika jiwe, akajiziba mdomo kwa mkono wa pili, kwa nguvu, mpaka meno yakamkata mdomo kwa ndani. Hakuwahi katika maisha yao yote kumnyima mumewe jibu. Sindano hakukasirika. Aliendelea kumwita kwa upole, bila haraka, akimwambia apumzike kidogo, akimwambia nafasi ipo, na kabla ya kila neno lake ilisikika sauti nyingine, ya chini, ikimnong'oneza la kusema.