Alama za Vema kwenye Kadi ya Sikudhani

Alhamisi, tarehe kumi na mbili ya Ramadhani, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Asubuhi nilikwenda kupalilia ufuta kama kawaida, nikamwacha binti yangu Sikudhani, wa darasa la sita, akifagia uwanja kabla ya kwenda shule. Niliporudi adhuhuri nilimkuta amelala chini jikoni, mwili unawaka, meno yanagongana, hata mimi hanitambui.

Nilimpakia kwenye bodaboda, kutoka kwetu mbele ya Mbekenyera hadi hospitali ya Ruangwa. Njia nzima nilimkumbuka mama yake, Mwamina, aliyekufa kwa malaria mwaka juzi. Siku ile dawa hazikuwepo. Wakubwa walikuwa na magari, dawa hawakuwa nazo.

Jumapili ya kabla ya Alhamisi hiyo Sikudhani alikutwa na malaria hospitalini hapo hapo, nikakubali aingie kwenye utafiti wa dawa mpya. Walinieleza kwamba vimelea vya malaria vimeanza kuzoea dawa za zamani. Hii mpya alitakiwa kumeza kidonge kimoja saa saba mchana, baada ya chakula, kwa siku tatu. Kila akimeza, aweke alama ya vema kwenye kadi. Wasomi wote wale, hakuna aliyekumbuka kuwa ni Ramadhani.

Mimi kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, lakini alama ya vema naijua. Kila jioni nilitazama kadi, nikaridhika.

Tulipofika hospitali alitundikiwa dripu, akachomwa sindano, na kesho yake akafumbua macho. Daktari wa utafiti, Gabrieli, alisoma kadi niliyokuja nayo akatikisa kichwa. Alimwambia muuguzi Albina aandike kwamba dawa imeshindwa, maana mtoto amemeza vyote na vimelea bado vimo.

Sikudhani akanivuta shati.

"Baba, asiandike."

"Kwa nini?"

"Nilimeza kile cha kwanza tu, hapa hapa kwao. Viwili nimevifukia nyuma ya choo."

Akatueleza kwa sauti ya chini. Homa ilipopoa aliona amepona. Rafiki yake Ashura alimkuta anakunywa maji mchana, akamwita kobe, jina la anayekula mchana wa Ramadhani, na shuleni wakamzomea: kobe wa darasa la sita. Basi akafunga, na kadi akaijaza.

Niliinua mkono nimpige. Albina akanitazama, nikaushusha. Akakaa kitandani kando ya mtoto.

"Mwanangu, mgonjwa dini yako mwenyewe imemruhusu ale. Na alama zako hizi mbili zingetufanya tuseme dawa haifai, kumbe hukuimeza. Mtoto mwingine angeikosa akafa, wala usingemjua. Siku nyingine ukishindwa kumeza, acha kadi tupu, uje utuambie."

Sikudhani alizifuta zile alama kwa mkono wake mwenyewe, huku analia.

Nikamwambia daktari kosa si la mtoto peke yake. Wangemuuliza mzazi yeyote, wangejua kwamba saa saba mchana watu wamefunga. Akaagiza vidonge vitolewe jioni, baada ya futari.

Mtoto alipona. Siku ya kutoka nilimuuliza Albina jambo moja, akasema atawafikishia wakubwa zake. Ufuta tumeshavuna na korosho zimeanza kudondoka, jibu sijalipata. Dawa hiyo ikithibitika kwa damu ya watoto wetu, itawafikia lini watoto wa huku kwetu?