Kifua cha Kirangozi Malugu

Zamani hizo, kabla chuma cha reli hakijalazwa popote bara, pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya watu, na mtu aliyetangulia mbele ya mabega hayo aliitwa kirangozi. Mtemi ana nchi yake, lakini njiani mwenye amri ni kirangozi. Akisimama, msafara mzima unasimama. Akila, watu wanakula.

Malugu, Mnyamwezi wa Unyanyembe, alikuwa kirangozi wa namna hiyo. Alivaa joho jekundu la kufika magotini, kichwani ngozi ya mbega na manyoya ya tai, na begani alining'iniza baragumu la pembe ya tandala, urithi wa baba yake. Mlio mrefu wa baragumu ulimaanisha twende. Milio mifupi mifupi ilimaanisha hatari: tueni mizigo, kusanyikeni, shikeni silaha. Mtoto wa Kinyamwezi aliyajua hayo kabla hajajua kufunga nguo yake.

Mwaka ule masika yaliondoka yakamwachia Malugu kikohozi. Mkewe, Kalunde, alianza kazi yake siku ileile. Alichemsha mvumbasi katika jungu jeusi, akamfunika mumewe kwa shuka juu ya mvuke mpaka jasho likamchuruzika. Alimpa asali na tangawizi, akamkanda kifua kwa samli ya moto. Mwanzoni ilisaidia, mtu asiseme uongo. Alilala, alikula. Lakini majani ya mahindi yalipoanza kukauka, kikohozi kilirudi na wenzake: homa ya jioni, kichomi ubavu wa kulia, na pumzi fupi kama ya mtu aliyekimbia.

Mwenye msafara alikuwa Mwinyi Mtumweni wa Pangani, na alifuatana na tabibu Mngazija aitwaye Ngwali, mtu mwembamba asiye na maneno ya kubembeleza, aliyejifunza kazi ya kisu Bombei. Huyo alimkalisha Malugu kwenye kigoda, akamgongagonga mgongo kwa kidole, akatega sikio.

"Kushoto panalia kama ngoma," alisema Ngwali. "Kulia panalia kama gunia la mtama. Umejaa usaha, kirangozi."

"Utoke vipi?"

"Napasua kati ya mbavu mbili, natia kimwanzi chembamba kama mrija, unatoka wenyewe. Kidonda kinabaki wazi mpaka mvua zirudi."

"Uliowapasua wamepona?"

"Wengine nimewazika. Sikufichi."

"Na nikikataa?"

"Utakunywa asali. Asali ni tamu."

Malugu alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja kama jani motoni. Kisu hakukiogopa sana. Mwili wake ulishaonja mikuki. Aliogopa mwiko. Katika misafara ya watu wake, mwenye kidonda kilicho wazi hatangulii mbele ya pembe. Tone lake la damu likianguka njiani, msafara umeshaoneshwa njia ya makaburini. Kupasuliwa ni kuvua joho, na baragumu kulipeleka bega jingine.

Alirudi nyumbani akamwambia mkewe amechagua jungu lake. Alidhani atafurahi.

Kalunde hakuacha kuchambua majani. "Mvuke wangu unajua kikohozi, mume wangu. Hiki si kikohozi tena. Nimekuchemshia mpaka mvumbasi wa bonde lote umekwisha. Nenda kapasuliwe."

"Mke anamtuma mumewe kwenye kisu?"

"Mke anataka mume. Baragumu litapata mtu wa kulipuliza."

"Mtu gani huyo?"

"Mtu mwenye mapafu."

Malugu alivuta jungu, akajifunika shuka mwenyewe. Alikaa mvukeni kwa ukaidi mpaka maji yakapoa. Kalunde alimtazama, kisha akaanza kufunga mzigo wake wa safari: jungu, na majani makavu ndani yake, mdomo wa jungu ukafungwa kwa kipande cha kaniki.

Msafara uliondoka kiangazi, mstari mrefu wa watu na pembe, kutoka Unyanyembe kuelekea Ugogo. Malugu alikuwa mbele, Mwinyi Mtumweni na Ngwali katikati, wanawake na vyombo vyao mkiani.

Sasa, mtu anayeongoza wengine hapendi wamsikie akikohoa. Kifua kilipomkaba Malugu aliinua baragumu, akapuliza, na nyuma ya mlio akakohoa apendavyo. Alikusudia kupuliza mlio mrefu. Lakini mlio mrefu unataka pumzi ndefu, naye hakuwa nayo. Ulitoka mfupi, ukakatika, ukatoka mfupi tena.

Mara ya kwanza watu walitupa mizigo, wakashika mikuki na magobori, wakakusanyika wakihema. Malugu alisema ameona kivuli. Mara ya pili alisema amesikia kitu. Baada ya hapo hawakumuuliza tena. Walituliza mizigo mabegani, wakasubiri, wakaendelea.

"Mzee ameona kivuli kingine," alisema mpagazi mmoja.

"Kivuli hicho kina makohozi," mwenzake akajibu, na mstari mzima ukacheka.

Mwinyi Mtumweni alimwita pembeni. "Malugu, watu wangu wanakucheka. Nikupe mtu wa kupokezana naye?"

"Nikishindwa nitakwambia, Mwinyi."

"Utaniambia kwa pumzi ipi?"

Malugu alirudi mbele ya mstari. Jioni alikwenda kwa mkewe mkiani, akajifunika shuka, akavuta mvuke. Kalunde hakumlaumu tena. Alichemsha tu.

Waliingia Mgunda Mkali, pori kavu ambalo mtu husikia miiba ikivunjika kwa jua. Hapo ndipo ruga-ruga walipowavizia, wapiganaji wasiolima wala kufuga, waliokula kwa kupora misafara. Malugu aliona nyasi zimelala upande usio wa upepo. Akaona unyoya mwekundu juu ya kichaka. Safari hii hapakuwa na kivuli cha kusingizia. Aliinua baragumu akapuliza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: mfupi, mfupi, mfupi.

Wa mbele, waliouona uso wake, walitua mizigo wakamzunguka. Nyuma yao mstari uliendelea kutambaa kama kawaida, mizigo mabegani, silaha zimefungwa.

Ruga-ruga waliukata mstari katikati. Magobori yalilia, kisha ikawa kazi ya mikuki na mashoka. Malugu alipigana kwa mkuki mpaka damu ikamjaa kinywani, na haikuwa damu ya jeraha. Mwinyi Mtumweni aliwavuta waliosalia hadi kwenye boma lililohamwa, wakaziba mlango kwa matawi ya miiba, wakafyatua risasi kila kichaka kilipotikisika. Walizingirwa humo siku mbili bila maji, wakilamba umande kwenye vitako vya bunduki. Asubuhi iliyofuata pori lilikuwa kimya. Ruga-ruga walishapata pembe za nusu ya nyuma; hawakuwa na haja na watu.

Malugu alirudi njiani akitembea kwa kushika miti. Alimkuta Kalunde amelala kifudifudi kando ya jungu. Jungu lilikuwa zima, limesimama, kaniki bado imefunga mdomo wake.

Mwanamke mmoja aliyenusurika kwa kujificha chini ya maiti alikuwa amekaa karibu. Malugu alimuuliza kama hawakusikia baragumu.

"Tulisikia, kirangozi. Wengine tulitaka kukimbia." Mwanamke alitazama chini. "Kalunde akasema, anakohoa huyo. Kaeni mpumzike, jioni nitamchemshia."

Walimzika hapo hapo, kwa kuchimba na mikuki. Malugu aliporudi bomani alivua joho jekundu, akaliweka mbele ya Mwinyi Mtumweni, na baragumu juu yake. Kisha akaenda kulala mbele ya Ngwali, ubavu wa kulia juu.

"Pasua."

Ngwali alipitisha kisu motoni. "Unataka kupona au unataka kufa? Mkono wangu unapenda kujua."

"Sijui. Pasua."

Walimshika watu wanne. Usaha ulijaza kibuyu, ukajaza kingine, na harufu yake iliwatoa nje mashujaa waliokuwa hawajatikiswa na ruga-ruga. Malugu hakulia. Homa ilimchukua siku nyingi, ikamrudisha. Msafara ulipoendelea na safari alibebwa kwenye machela, katikati ya wagonjwa, na mbele alitangulia mtu mwingine, mwenye mapafu.

Siku kimwanzi kilipotolewa, Ngwali alimwambia avute pumzi. Malugu alivuta, akashangaa haina mwisho. Ilishuka mpaka chini kabisa, pasipo kichomi. Jungu jeusi la Kalunde, lililobebwa pamoja naye, lilikuwa karibu na kichwa chake, na kaniki ilikuwa imelegea. Kitu cha kwanza ilichomletea pumzi ile ni harufu ya mvumbasi.

Kidonda kilifunga, na mwiko ukamwachilia. Hakulivaa joho tena. Alibaki Ugogo, akichota maji kwenye visima na kuwauzia wasafiri, na akazeeka. Wapagazi waliopita hapo waliimba juu ya vita vya Mgunda Mkali, wakisema ruga-ruga siku ile walikuwa wengi kama nzige, hata kirangozi hodari asingefua dafu. Wimbo huo ulifika pwani na ndio uliobaki.

Mzee wa kisimani aliusikia kila kiangazi. Alimaliza kumimina maji, akawapa kibuyu chao, akasema kwa sauti safi isiyokwaruza, "Hawakuwa wengi."