Sahani ya Divai Juu ya Chungu

"Usifunue hiyo sahani, Oreste! Nakusikia huku!"

Oreste Ghiretti akarudisha mkono upesi. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, sauti ya mkewe ikijaa jiko zima.

"Sijafunua. Nimegusa tu."

"Divai imepata moto?"

Akachovya kidole. Juu ya chungu cha udongo, mahali pa kifuniko, ilikaa sahani ya supu iliyojaa divai nyekundu. Ndivyo stracotto inavyopikwa pande zote za Parma. Nyama ya ng'ombe inajipikia chini kutwa nzima, divai inapata moto juu, kisha inamiminwa chunguni na sahani inajazwa nyingine.

"Vuguvugu."

"Basi iache. Na wewe kaa chini, unanichosha."

Akakaa. Kwenye kiti cha pili ilining'inia aproni ya Nives, palepale alipoivulia mwezi wa tisa. Siku ile walikuwa na wageni kumi na mmoja wa ukoo mezani, wamemaliza kuvuna zabibu. Nives akaleta chungu, watu wakapakua, na Oreste akafuta sharubu akasema mbele ya wote, "Tangu tumzike mama, stracotto ya kweli nyumba hii hatuli tena." Nives alivua aproni, akachukua koti, akaenda kwa dada yake Dirce huko Fidenza. Miaka thelathini na minne ya ndoa ikabaki kwenye mgongo wa kiti.

Sasa ilikuwa tarehe ishirini na tatu Desemba. Kesho binti yao Ilde angefika kutoka Torino. Na Nives alishapata chumba chake mwenyewe. Mwaka mpya ukiingia, anahamia. Oreste alipompigia kumwomba aje sikukuu, alijibiwa, "Nije nipike nini, na mimi sijui kupika?"

"Nitapika mimi," akasema.

Nives alicheka mpaka akakohoa. Lakini alfajiri hiyo alipokea simu, na tangu hapo alikuwa akimwelekeza, kwa ajili ya Ilde, alisema.

"Vitunguu ulivikaanga kwa siagi?"

"Ndiyo."

"Karoti, seleri?"

"Vyote. Karafuu pia, mbili, kama ulivyosema."

Dirce akasikika kwa nyuma. "Shemeji, vidole bado unavyo vyote?"

"Ninavyo, shemeji, asante."

"Basi hesabu tena jioni."

Nives hakucheka. Akasema polepole, "Oreste. Una mdalasini?"

"Mdalasini? Wewe hujawahi kuweka mdalasini."

"Nimekuuliza unao au huna."

"Upo. Kwenye kabati la mama."

"Kijiti kidogo, urefu wa kucha. Tumbukiza utakapomimina divai. Onja baada ya nusu saa. Kwaheri."

Simu ikakatika.

Saa sita divai ilikuwa moto. Akainyanyua sahani kwa mikono miwili, akaimimina, akatumbukiza kijiti, akarudisha sahani na kuijaza upya. Nusu saa ilipotimia akainyanyua tena, akachovya mkate kwenye mchuzi, akala amesimama.

Mkono ukabaki hewani.

Ilikuwa ya mama. Si kufanana, ni yenyewe. Ile ya kila Krismasi, alipovuka ua kwenda kwa mama yake Argia kula sahani ya kwanza, kisha akarudi kwake kula ya Nives na kusema, kila mwaka, kwamba ya mama ndiyo yenyewe.

Akapiga simu.

"Nives. Hii ni ya mama."

"Najua."

"Nives, tangu lini unaipika?"

"Krismasi tisa," akasema. "Tangu ile homa yake. Pua ilikufa, ulimi ukafuata. Aliweka chumvi mara mbili, akalia hapo hapo jikoni. Akaniomba usijue. Nikawa napika vyungu viwili. Kimoja napitisha mlango wa nyuma wewe ukiwa umelala."

"Na chetu hukuweka mdalasini."

"Alisema ukionja viwili sawa utagundua."

"Na mimi nikawa nakutukana kwa chakula chako mwenyewe."

"Kila mwaka. Ulikuwa unakula ukifumba macho kabisa."

Oreste akaketi. "Ungeniambia ile siku, mbele yao. Ungenifunga mdomo."

"Nilimwahidi. Na hata leo umegundua mwenyewe, mimi nimekupa viungo tu."

"Nisamehe, Nives."

"Hapa kwenye simu nakusikia mimi peke yangu. Siku ile walisikia kumi na mmoja." Akavuta pumzi. "Lakini mama yako usimtaje. Siri yake iache alipolala."

Oreste alivaa miwani. Dakika ishirini aliandika na kufuta, kisha akatuma kwenye kundi la ukoo:

"Mwezi wa tisa nilisema mbele yenu kwamba stracotto ya Nives haifikii ya mama. Nilisema uongo bila kujua. Ni ileile, na aliyekosa ulimi ni mimi. Namwomba msamaha mbele yenu wote. Oreste."

Wa kwanza kujibu alikuwa binamu yake Aldino: "Siku zote sisi tunapakua mara mbili chungu cha Nives. Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Wa pili alikuwa Dirce: "Vidole vimebaki kumi. Hongera."

Oreste akangoja jibu la Nives. Divai ilipata moto tena, akamimina, akajaza. Ukungu ulikuwa umeshalifunika ua wakati simu ilipolia kidogo. Ujumbe wa mstari mmoja:

"Usifunue mpaka nifike."

Saa kumi gari la Dirce likasimama nje, likashusha mtu na begi, likaondoka. Nives akaingia bila kubisha, koti mwilini, akaenda moja kwa moja jikoni, akatazama sahani, kisha akamtazama mumewe.

"Umefunua?"

"Sijafunua."

"Mwongo. Una mchuzi kwenye sharubu."

Akamfuta kwa kidole gumba, akakilamba, akafikiri.

"Chumvi imepungua," akasema, na akanyoosha mkono kwenye kiti kuchukua aproni yake.