Vidole vya Kuazima

Asubuhi ile nyumba ya fundi mwashi ilikuwa na utulivu wa kupendeza. Watoto wamekwenda shule, redio iko chini, na mkewe anaisoma barua kwa mara ya nne utadhani maneno yatabadilika. Kampuni moja ya ujenzi ng'ambo ilimtaka fundi kwa miezi minane. Kilichobaki kilikuwa kibali cha kazi ya muda, na kibali kilingoja alama za vidole tu.

"Miezi minane si mingi, baba watoto," mkewe alisema. "Nitakuhesabia siku."

"Wewe hesabu. Mimi nikirudi, chumba cha tatu kinasimama."

Ndugu zangu, natamani hadithi ingeishia hapo.

Kwenye ofisi ya vibali, mama mmoja mwenye miwani aliviweka vidole vya fundi juu ya kioo cha mashine. Mashine ikavikataa. Akavifuta kwa kitambaa, akajaribu tena, ikavikataa. Vilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Miaka kumi na tisa ya kushika saruji mikono mitupu ilikuwa imekula mistari yote. Glavu alizidharau, akisema fundi wa kweli hulisikia tofali kwa ngozi.

"Usiogope, waashi wote mnanisumbua hivihivi," yule mama alisema. "Usiguse saruji wiki tatu, paka mafuta asubuhi na jioni. Mistari itarudi. Nakupangia siku nyingine."

"Wiki tatu, mama? Kazi inaanza mwezi ujao!"

"Muda upo. Wewe tulia."

Kutulia ndiko kulikomshinda. Aliona wiki tatu kama mwaka, na kila akipita penye jengo aliona fundi mwingine akipanda ndege badala yake. Nyumbani alimwambia mkewe mambo ni shwari. Kisha akamwendea mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa muuguzi, mtu mpole, na mtaani walimwita Kopi kwa jinsi alivyofanana na kaka yake. Hata mama yao mzazi alikuwa akiwachanganya wakiwa wamempa mgongo. Kopi naye alikuwa ameomba kibali cha muda, akafanye kazi kwenye hospitali ya ng'ambo, na alikuwa akingoja kuitwa.

"Kuna kituo kingine upande wa pili wa mji," fundi alisema. "Hawanijui. Unakwenda na karatasi zangu, unaweka vidole, unaondoka."

"Kaka, huo si udanganyifu?"

"Damu si moja? Dakika tano tu, mdogo wangu."

Kopi alijikuna kichwa. Huyu ndiye aliyembebea zege ili yeye asome uuguzi. Angeanzia wapi kumwambia hapana? Akaenda.

Kibali kilitoka. Fundi alifungashiwa sanduku, akawagawia wenzake kazi zake zote, akapanda ndege. Alipofika, akaambiwa aweke vidole kwenye kioo, kama abiria wengine. Akaviweka, taa nyekundu ikawaka.

"Vidole vilivyoko humu si vyako," afisa alimwambia. "Ni vya nani?"

Siku mbili alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kisha wakamrudisha na muhuri wa kumzuia miaka mitano. Mkewe alimpokea mlangoni, akasikiliza yote, akalitazama lile sanduku ambalo halikufunguliwa hata mara moja.

"Kwa nini hukuniambia mashine ilikukataa? Mafuta ningekupaka mimi mwenyewe."

"Niliona aibu, mama watoto."

Hayo bado yalikuwa madogo. Wiki ya pili Kopi alikuja, bado amevaa sare ya hospitali, akasimama bila kukaa.

"Nimeitwa leo," alisema. "Nimeweka vidole, mashine imesoma mara moja. Imetoa jina lako, kaka. Wameniuliza mimi ni nani hasa."

"Ukawaambiaje?"

"Ukweli. Wamenifungia miaka mitano kama wewe."

Shemeji yake alimletea maji. Akanywa, akashukuru, akaaga kwa heshima zake zote. Angemtukana kaka yake, ingekuwa nafuu.

Fundi hakuwa na kazi ya kwenda, maana wenzake walikuwa wameshazishika. Akawa wa kukaa nyumbani na kuosha vyombo. Wiki ya tatu aliinua glasi akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha aone kama imetakata. Juu ya kioo kulikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake imejipanga, mmoja baada ya mwingine, safi kabisa. Ilikuwa yake. Aliketi chini palepale jikoni akalia.

FUNZO

Wasomaji wangu, kwenda kufanya kazi nchi ya watu si kosa. Ni heri, na wengi wamejenga kwa njia hiyo. Lakini ukiambiwa subiri, subiri. Ukikataliwa, mwambie mwenzako wa nyumbani, kwa sababu aibu uliyoificha ndiyo inayokushauri vibaya. Na zaidi ya yote, usimtie ndugu yako katika uongo wako kwa sababu anakupenda na hawezi kukukatalia. Fundi amerudi kwenye saruji, na siku hizi anavaa glavu. Kila jioni anavitazama vidole vyake vizima, wakati mdogo wake amekaa na vyake ambavyo havimfikishi popote.