Vijiko Sita vya Chumvi

Kila Jumatatu na Ijumaa, kipindi cha Sayansi kikifika, madawati ya Gredi ya Sita yalisukumwa huku na huko mpaka darasa zima likawa kelele tupu. Mwalimu Mishi hakujali kelele. Tangu ahamie shule hiyo ya Kyumbi kutoka Machakos mjini, alishikilia kwamba watoto hawashiki jambo kwa njia moja. Waliopenda kusoma aliwapa kurasa wasome. Waliopenda kuchora aliwapa karatasi kubwa na rangi. Waliohangaika na kusoma aliwapa vitu vyenyewe wavishike: maharagwe, mizani, vijiko, maji. Kisha kila mmoja alipangiwa mwenzake wa meza nyingine, wakafundishana.

Mutanu alikaa meza ya vitu. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na maneno ya kitabuni yalimchosha kabla hajamaliza mstari. Lakini alichokishika kwa mikono hakikumtoka tena kichwani. Kwa wiki tatu alienda shuleni kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua.

Rodgers ndiye aliyeiharibu. Alikuwa msomaji hodari kuliko wote darasani, na alilijua hilo vizuri mno. Siku moja, akipita na kitabu kwapani, alimwelekezea Mutanu kidole, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Hii ni meza ya nasari, ya watoto wa chekechea. Wanapewa maharagwe wacheze." Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo, hata watoto wa Gredi ya Nne walimwita Mutanu "Nasari" walipokutana naye langoni.

Mutanu hakulia. Alikasirika, na hasira ile ikagoma kuondoka. Akiosha vyombo alimfikiria Rodgers. Akichota maji alimfikiria Rodgers. Alitaka naye achekwe na darasa zima, asimame pale mbele bila la kusema. Muhula huo hakutaka kitu kingine chochote zaidi ya hicho.

Ijumaa moja nafasi ikajileta. Somo lilikuwa ugonjwa wa kuhara. Meza ya Rodgers ilisoma kuhusu dalili za mtoto aliyepungukiwa na maji mwilini. Meza ya Mutanu ilipima maji, sukari na chumvi ya kumnywesha. Mwalimu Mishi alisimama karibu yao, akashika kijiko na kuonya, "Chumvi ikizidi, inamkausha mtoto zaidi. Inaweza kumuua. Pimeni kwa makini."

Kisha akatangaza kwamba Jumatatu angeita mwanafunzi mmoja mmoja mbele, aeleze alichofundishwa na mwenzake, vitabu vikiwa vimefungwa.

Rodgers akapangiwa Mutanu. Alivuta kiti, akafundisha sehemu yake kwanza, na alifundisha vizuri. "Sikiza. Mtoto akipungukiwa na maji, macho yanaingia ndani. Mdomo unakauka. Akilia hakuna machozi. Ukiona hivyo, unampeleka hospitali, hungoji." Alimrudisha nyuma mara mbili mpaka Mutanu akaweza kuyasema yote mwenyewe. Kisha akafungua daftari. "Haya, Nasari, zamu yako. Nipe hizo hesabu za vijiko."

Huenda bila neno lile Mutanu angemwambia ukweli.

"Maji lita moja, yaliyochemshwa yakapoa," alisema Mutanu polepole. "Chumvi vijiko sita vya chai. Sukari nusu kijiko."

"Chumvi sita?"

"Wewe ulikuwa unasoma. Mimi ndio nimepima."

Rodgers akaandika.

Jumamosi nzima Mutanu alitembea akitabasamu. Alimwona tayari mbele ya ubao akitaja vijiko sita vya chumvi kwa ile sauti yake ya kujiamini. Alimwona Mwalimu akishtuka, na akakisikia kicheko. Kilikuwa kitamu hata kabla hakijatokea.

Jumapili alasiri mama yake alienda mkutano wa kanisa, akamwachia kibanda chao cha nyanya na bidhaa ndogondogo kando ya barabara. Rodgers akaja mbio, miguu imejaa vumbi.

"Niuzie chumvi pakiti moja."

"Ya nini?"

"Wendy anahara tangu asubuhi. Mama ako kazini Athi River, mpaka jioni. Nataka kumtengenezea yale maji."

Wendy alikuwa dada yake wa miaka mitatu. Mutanu aliishika pakiti bila kuitoa. "Na sukari?"

"Iko nyumbani. Si ni nusu kijiko tu?" Rodgers akachukua chumvi, akaondoka mbio kama alivyokuja.

Mutanu alikuwa na maneno mdomoni na hakuyatoa. Angeyasema, Rodgers angeyatangaza shule nzima, na sasa angeitwa Nasari na mwongo pia. Alijiambia chumvi si sumu. Alijiambia mtoto ataitema. Akaanza kupanga nyanya zilizokuwa zimepangika tayari. Lakini sauti ya Mwalimu Mishi haikumwacha: inaweza kumuua. Mutanu akaacha kibanda wazi, akakimbia.

Alimkuta Wendy amelala mkekani, Rodgers amemwinua shingo, kikombe ki mdomoni. Mutanu alikipiga kikombe kile, maji yakamwagika sakafuni.

"Uko na wazimu?" Rodgers alifoka.

"Ni kinyume. Sukari ndio vijiko sita. Chumvi ni nusu kijiko. Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uchekwe Jumatatu."

Rodgers alimkodolea macho. Kisha akajaza kikombe kwa maji yaliyobaki kwenye jagi, akamsogezea. "Amekunywa mara tatu akatapika. Kunywa na wewe."

Hakuwa akitania. Mutanu alipiga funda moja. Chumvi ilimchoma koo, akakimbilia mlangoni akatema, machozi yakimtoka. Aligeuka akasikia Wendy akilia kwa sauti dhaifu, akautazama uso wake. Mashavu yalikuwa makavu.

"Hana machozi," alisema. "Ulinifundisha mwenyewe. Hatungoji."

Rodgers alitoka kumwita jirani yao, Mzee Nzomo, aliyekuwa na pikipiki. Mutanu alipima upya maji yaliyochemshwa: sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko, kila kijiko akikisawazisha kwa kisu. Akayatia kwenye chupa safi, wakaondoka. Rodgers alimnywesha dada yake kidogokidogo njia nzima.

Kwenye zahanati, muuguzi aliuliza mtoto alikuwa amenyweshwa nini. Rodgers akamgeukia Mutanu, akangoja. Ilimbidi aseme yote tena, mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni, na wote wakamtazama.

"Ni vizuri umesema," alisema muuguzi. "Sasa najua cha kufanya." Wendy akaongezewa maji kupitia sindano mkononi. Jioni, mama yake alipofika akihema, Wendy alilia alipochomolewa sindano, na safari hii machozi yalimtiririka.

Jumatatu asubuhi Mutanu alimtafuta Mwalimu Mishi kabla ya gwaride la wanafunzi, akamweleza. "Utalisema hilo darasani," alisema Mwalimu, "kwa mdomo wako."

Mutanu alisimama mbele ya ubao, pale pale alipokuwa amemwona Rodgers akilini akichekwa, akasema yote. Hakuna aliyecheka. Alitamani wangecheka.

"Kosa moja ni langu," Mwalimu Mishi aliliambia darasa. "Niliwaacha wale wale kwenye meza ile ile kila siku, mkadhani meza ni vyeo. Kuanzia leo mtazunguka zote. Rodgers, dharau yako iliwasha moto huu, na wewe utamwomba Mutanu msamaha. Lakini uongo ni wa Mutanu peke yake. Sikizeni wote. Unachomfundisha mwenzako hakibaki hapa darasani. Anakibeba mpaka nyumbani kwake, na wewe hujui atamnywesha nani. Ukiwa na kisasi na mtu, njoo kwangu tukizungumze. Usimpe uongo akidhani umempa elimu."

Rodgers aliomba msamaha akitazama sakafu. Mutanu naye akaomba wake. Hakuna aliyesema amesamehe.

Siku hiyo Rodgers alipelekwa meza ya vitu. Alichota chumvi, kijiko kikajaa kikafanya kilima. Hakujua kwamba imezidi. Watoto wawili wa meza ya kusoma walikuwa wameshaona, wakaanza kubana kicheko. Mutanu naye aliona, na kwa kitambo kidogo ile hamu ya zamani ikamwinukia kifuani. Ilitosha anyamaze tu.

"Hiyo imezidi," alimwambia Rodgers. "Sawazisha kwa kisu, kisha utoe nusu."

Rodgers akasawazisha, akatoa nusu. "Hivi?"

"Hivyo."