Moto Juu, Moto Chini

Sogeeni karibu, wadogo zangu. Kaeni vizuri, na wewe acha kumfinya mwenzio. Leo nawapa habari za Siwatu na mkate wa ndizi.

Siwatu alikaa Morogoro na mama yake. Alikuwa na kelele, huyo! Na marafiki zake walikuwa Chausiku na Mkude, watoto wa jirani.

Siku moja Bibi akaja kuishi nao. Alitoka mbali, kule Pangani. Alikuja na kapu lake na sufuria yake kuukuu.

Lakini Bibi hakucheka. Alikaa barazani, kimya. Akiletewa chai, anasema, "Ahsante." Akiletewa wali, anasema, "Nimeshiba."

"Bibi, unaumwa?" Siwatu akauliza.

"Siumwi, mke mwenzangu." Ndivyo Bibi alivyomtania mjukuu wake. "Nakumbuka kwangu tu. Kila Ijumaa nilioka mkate wa ndizi. Ua linajaa watoto, mpaka kuku wanakosa pa kupita!"

Siwatu akasikia huzuni. Alitaka Bibi acheke, hata kidogo tu. Akakimbia kwa Mama.

"Mama, tumwokee Bibi mkate wake! Na rafiki zangu waje!"

Mama akaacha kufua. "Mkate wa Ijumaa! Sijaula tangu utoto wangu," akasema. Akatabasamu peke yake.

Wakatoa sufuria ya Bibi. Wakatafuta ndizi zilizoiva sana, zenye madoa meusi.

Ponda, ponda, ponda! Siwatu akaponda ndizi.

Twa, twa, twa! Mama akatwanga tende.

Wakapiga mayai mpaka yakatoa povu. Wakatia unga wa atta. Wakatia iliki, ikanukia mpaka jikoni kwa jirani.

"Na sukari?" Siwatu akauliza.

"Sukari ya nini? Ndizi tamu, tende tamu. Bibi yako hakutia hata chembe, na vidole tulilamba."

Mama akabandika sufuria kwenye jiko la mkaa. Akafunika. Kisha akapanga makaa mekundu juu ya mfuniko!

"He! Mama! Moto juu?"

"Ndivyo tulivyooka kwetu. Na tulikuwa tunaimba hivi:

Moto juu, moto chini,
katikati kuna nini?

Lakini hatufunui, umesikia? Ukifunua mapema, mkate unabonyea."

Chausiku akaja. Mkude akaja. "Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu," Bibi akajibu, bila kucheka.

Watoto wakachuchumaa, mbali kidogo na jiko. Wakaimba:

Moto juu, moto chini,
katikati kuna nini?

Harufu ikatoka. Mmmm! Bibi akainua kichwa.

"Umeiva?" akauliza Mkude.

"Bado," akasema Mama.

"Umeiva?" akauliza Chausiku.

"Bado, jamani!"

Moto juu, moto chini,
katikati kuna nini?

Mama akatazama huku. Akatazama kule. Akachukua koleo. Akainua mfuniko kidogo, kidogo tu...

Fuuuuu! Mkate ukabonyea katikati.

"Mama!" Siwatu akapiga kelele. "Si ulisema hatufunui?"

Mama akajiziba mdomo. Akafunika haraka, lakini wapi! Mkate ulipoiva, ulikuwa na shimo kama bakuli.

Siwatu akataka kulia. Huu sio mkate wa Bibi, akawaza. Bibi hatacheka. Akaupeleka barazani polepole, kichwa chini.

Bibi akautazama mkate. Akalitazama shimo. Kisha akamtazama Mama.

"Zuhura," akasema. "Umefunua?"

"Nimefunua, Mama," Mama akajibu kwa sauti ndogo.

"Haya, mwoneni! Tangu mdogo, hajaacha! Kila Ijumaa namwambia asifunue, na kila Ijumaa anafunua! Mikate yangu yote ilikuwa na shimo!"

Na Bibi akacheka. Kwe, kwe, kwe! Akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Mke mwenzangu, huu ndio wenyewe!" akasema. "Leteni nazi!"

Kru, kru, kru! Bibi mwenyewe akakuna nazi. Akaijaza kwenye shimo, kama zamani. Shimo likapotea.

Wakala wote, barazani. Bibi akala kipande chake. Akaomba kingine. Kuku wakaja kuokota makombo, wakakosa pa kupita.

"Bibi, Ijumaa tuje tena?" akauliza Chausiku.

"Njooni! Msipokuja, nitawafuata kwenu."

Jioni, Siwatu akalala kitanda kimoja na Bibi. Bibi akamvutia shuka mpaka kidevuni. Akaimba taratibu:

Shuka juu, godoro chini,
katikati kuna nini?

"Kuna mimi!" akasema Siwatu.

Bibi akacheka tena. Siwatu akafumba macho. Alifurahi, jamani, alifurahi.

Mara pazia la mlango likasogea kidogo, kidogo tu. Mama alikuwa anachungulia.

"Zuhura!" Bibi akanong'ona. "Usifunue! Bado hajaiva."