Kifua cha Owino

Nekoye alikuwa mwepesi wa kucheka. Lakini mwezi ule wote hakucheka. Alipika uji, akampa mumewe, akakaa kumtazama akinywa.

Mumewe, Owino, alikuwa mpakiaji wa magunia katika stesheni ya Nakuru. Waliishi chumba kimoja katika nyumba za reli, wao na binti yao mdogo, Achola. Walipendana, na majirani walijua.

Jambo lililomnyima Nekoye raha ni hili. Kila jioni Owino alikwenda nyuma ya nyumba peke yake. Akirudi, anahema. Jasho linamtoka. Akimwinua Achola, anakunja uso.

"Baba Achola, unaumwa wapi?" Nekoye alimwuliza siku moja.

"Si kitu. Ni kifua tu."

Kifua tu! Nekoye alihisi baridi mpaka mifupani. Baba yake mzazi alikufa kwa kifua kikuu, na mwanzoni naye alisema vivyo hivyo. Tangu siku hiyo Nekoye alitenga kikombe cha Owino. Akatenga sahani yake. Akamtandikia mkeka wake kando. Hakumweleza sababu, maana aliogopa hata kuutaja ule ugonjwa. Mficha uchi hazai, lakini nani angemwambia Nekoye hivyo, na moyo wake umejaa hofu?

Jioni moja alishindwa kuvumilia. Akamwendea Micah Kosgei, dresa wa zahanati, aliyekaa nyumba ya tatu. Zamani Kosgei alikuwa askari wa Keya, jeshi la wakoloni.

"Dresa, nataka dawa ya kifua."

"Ya nani, mama?"

"Ya mtu fulani."

"Huyo mtu anakohoa?"

Nekoye akafikiri. "Hapana. Hakohoi."

"Anatoka jasho akilala? Amekonda?"

"Akonde wapi! Shati yake inambana."

Kosgei akacheka. "Basi twende tumwone huyo mtu fulani."

Walipozunguka nyumba, Nekoye alipiga yowe. Owino alikuwa amelala chali juu ya ubao, na bomba la chuma limemlalia kifuani. Kila upande wa bomba ulikuwa na debe lililojazwa saruji. Alisukuma, lakini bomba halikupanda. Miguu yake ilirusharusha vumbi. Nekoye akashika upande mmoja, Kosgei upande wa pili, wakalitoa.

"Wewe Owino, unataka kujiua?" Kosgei aliuliza.

Owino alikaa kitako, akihema. "Mama Achola amenichoka," akasema. "Siku ya harusi ya jirani yetu Dalmas alimsifu mpiga ngoma, ati ana kifua cha mwanaume. Nikasema nami nitengeneze changu. Lakini nikizidi kunyanyua, yeye anazidi kunitenga. Kikombe mbali, mkeka mbali. Basi nikaongeza saruji."

"Nilidhani unakufa!" Nekoye akasema, akaangua kilio. "Nilidhani unaniacha na mtoto! Huyo mpiga ngoma hata sura yake siikumbuki."

Kosgei alimpima Owino, akasikiliza pumzi zake. Kisha akasema, "Mapafu ni mazuri. Ni nyama za kifua zimechoka. Unanyanyua mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku."

"Hapo umekosea. Nyama zinajengeka ukipumzika. Nyanyua leo, kesho acha. Na hii chuma ni nzito mno! Chukua ile unaweza kuinua mara kumi bila kutetemeka. Shusha polepole. Ukisukuma juu, toa pumzi, usiibane. Kwanza anza na kusukuma ukuta, halafu lala kifudifudi usukume ardhi. Kula maharagwe, kunywa maziwa. Na usilale tena chini ya chuma bila mtu karibu."

Akamgeukia Nekoye. "Na wewe, mama, ukiona kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, mtu anakonda, usikae kimya na kutenga vikombe. Mlete apimwe. Siku hizi kifua kikuu kina sindano zake."

Usiku huo mkeka ulirudi mahali pake.

Owino alipunguza saruji kwa nyundo, karibu nusu nzima. Miezi mitatu baadaye maumivu yalikwisha, na gunia la mahindi alilisukuma juu ya behewa bila kuguna. Kifua nacho kilijaa, hata Nekoye akalazimika kusogeza vifungo vya shati.

Mpaka leo Owino hagusi chuma kabla mkewe hajasimama karibu na kichwa chake, mikono tayari. Wenzake stesheni wanamtania, ati mwanaume mzima anangoja mke!

"Nangoja, ndiyo," yeye huwajibu. "Nyinyi mtaliliwa mkishakufa. Mimi nimeliliwa nikiwa hai."